KUREKODI UPYA NYIMBO ZETU ZA ZAMANI



Katika kuwatembelea, kuanzia Kiminini na Kitale mpaka Webuye, Kimilili na Chwele, tumeulizwa swali moja mara nyingi hata tukaona afadhali tuliandike hapa kuliko kulijibu kila mahali chini ya mti. Kikundi kiliimba, kikarekodi kaseti miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kaseti ikauzwa Bungoma na Kitale, nyingine zikavuka Malaba. Kikundi hakikupata kitu isipokuwa soda na nauli siku ya kurekodi. Leo nyimbo hizo bado zinasikika kwenye redio na ndani ya matatu, na watu wanaziomba. Je, tunaweza kuingia studio tuziimbe tena, safari hii ziwe zetu?

Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi mnaweza. Lakini kuna mambo ambayo msipoyajua mtamaliza akiba ya kikundi kwa kazi ambayo, kwa mara ya pili, itakuwa mali ya mtu mwingine. Tumeona kikundi kimoja cha kina mama kikifanya hivyo hivyo, na kilichobaki ni lawama kwa mweka hazina, ambaye hakuwa na kosa lolote.

WIMBO MMOJA, MALI MBILI

Wengi hufikiri wimbo ni kitu kimoja. Hapana. Ndani yake kuna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na tuni ambayo mtunzi alibuni kwa akili yake. Ya pili ni rekodi, yaani sauti zenu zilivyonaswa siku ile, mahali pale, na kuwekwa kwenye kanda mama ambayo watu wa studio huiita masta.

Kwa sisi watu wa mahindi, mfano uko karibu. Utunzi ni shamba, rekodi ni mavuno ya msimu mmoja. Ukimuuzia mtu gunia zote za mwaka huu, hata kwa bei ya hasara, hujauza shamba. Mvua ikirudi unapanda tena. Lakini kama ulitia sahihi karatasi inayosema umeuza shamba lenyewe, hata jembe hutaliingiza humo bila ruhusa yake.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003, inazitenga mali hizi mbili. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi, na baada ya kifo chake miaka mingine 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hiyo watoto na wajukuu wanarithi. Rekodi inalindwa miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Na mwenye rekodi ni nani? Si lazima awe aliyeimba. Sheria inamtazama yule aliyefanya mipango ya kurekodi: aliyetafuta studio, akaigharimia, akapanga siku. Ndiyo maana produsa aliyewalipia studio mwaka 1996 anaweza kushikilia kanda mama hadi leo, na kwa hilo hana kosa kisheria. Tunajua habari hii inauma.

Upande wa utunzi sheria inawafaa zaidi. Hakimiliki haiwezi kuhamishwa kwa maneno ya mdomo tu. Lazima iwe kwa maandishi, na sahihi ya yule anayeiachilia. Kama hakuna aliyetia sahihi, na mtunzi hakuwa ameagizwa wala kuajiriwa kutunga, basi utunzi bado ni wake, hata kama kaseti ilichapishwa ikiwa na jina na picha ya produsa.

Thamani ya utunzi tunaiona kwa Daudi Kabaka, Mluhya mwenzetu. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na kundi la Kiingereza liitwalo The Tremeloes, wakaurekodi wao wenyewe mwaka 1968 na ukapanda kwenye chati za Uingereza. Sauti zilikuwa za vijana wa huko, gitaa lilikuwa la huko, lakini utunzi ulibaki wa Kabaka.

FADHILI WILLIAM ALIRUDI STUDIO

Kurudia kurekodi si jambo geni Kenya. "Malaika" mnaujua wote. Fadhili William, mwana wa Taita, aliurekodi yapata mwaka 1960 na bendi yake ya Jambo Boys. Mwaka 1963 akaurekodi tena katika studio ya Equator Sound mjini Nairobi, iliyokuwa ya Mwingereza Charles Worrod. Rekodi hii ya pili ndiyo iliyosambaa, na ni kwa sababu yake malipo ya utunzi mara nyingi yamemwendea Fadhili. Baadaye wimbo ukaimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, ukaimbwa na Boney M mwaka 1981, ukaimbwa na Angélique Kidjo wa Benin. Wapo wengine waliosema wimbo ni wao, akiwemo Adam Salim wa Tanzania, ambaye inaelezwa aliutunga mwaka 1945. Fadhili alifariki mwaka 2001 ubishi ukiwa bado haujaisha.

Sisi hatuamui kesi hiyo. Tunataka muone mambo mawili tu. Kwanza, rekodi ya pili inaweza kuizidi ya kwanza kabisa, hata watu wakasahau kama kulikuwa na ya kwanza. Pili, rekodi hiyo ya 1963 nayo ilitoka chini ya lebo ya kampuni. Kurudia peke yake hakumfanyi mwimbaji kuwa mwenye mali. Inategemea nani amelipia, na karatasi zinasemaje.

Mfano ulioitikisa dunia nzima ni wa juzi. Mwimbaji wa Marekani, Taylor Swift, alianza akiwa msichana mdogo, na kanda mama za albamu zake sita za kwanza zilikuwa za kampuni. Mwaka 2019 kampuni hiyo ikauzwa, na kanda zake zikaenda pamoja nayo, kama vile nyumba inavyouzwa na mpangaji akiwa ndani. Mwaka 2020 zikauzwa tena kwa watu wengine. Lakini nyimbo alizitunga mwenyewe au na wenzake, kwa hiyo utunzi alikuwa nao. Akaingia studio akaziimba upya, wimbo kwa wimbo. Albamu mbili zikatoka 2021 na mbili nyingine 2023, kila moja ikiwa na maneno "Taylor's Version" kwenye jina, ili msikilizaji ajue ipi ni ya nani. Mashabiki wakahamia kwenye mpya. Mwezi wa Mei 2025 akatangaza kwamba amezinunua zile kanda za zamani pia.

Mtasema huyo ni tajiri, ana mawakili. Ni kweli. Lakini mlango alioingilia ni huu huu ulio wazi kwa kwaya ya Ndalu au mpiga litungu wa Sirisia: alishika utunzi, na mkataba wake ulimruhusu kurudia baada ya muda fulani kupita.

KABLA YA KULIPA STUDIO

Hapo kwenye "muda fulani" ndipo tuanzie. Mikataba mingi ya muziki ina kifungu kinachomkataza mwimbaji kurekodi wimbo ule ule kwa mtu mwingine kwa miaka kadhaa. Kwa kaseti ya mwaka 1997 muda huo huenda umeshapita, lakini usibahatishe. Mtafute aliyekuwa katibu wakati ule, afungue sanduku lake. Hata karatasi ya daftari yenye sahihi ni mkataba. Kama produsa anasema yeye anayo, mwombeni nakala kwa adabu na msitie sahihi kingine chochote siku hiyo. Vijana wanaoanza sasa wawe macho zaidi, kwa sababu tangu habari za huyo Mmarekani, kampuni kubwa za nje zimekuwa zikitaka kuirefusha miaka hiyo ya kukatazwa.

Halafu ulizeni: wimbo uliagizwa? Miaka ile mashirika mengi yalikuja kwetu yakitaka nyimbo za ukimwi, za chanjo, za kupanda miti. Wanasiasa nao waliagiza za kampeni. Kwa sheria yetu, kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mlikubaliana vingine. Kwa hiyo wimbo mzuri wa chanjo ambao kikundi kinauona wake unaweza kuwa wa shirika lililouagiza. Mara nyingi mashirika hayo hayana shida, barua moja inatosha. Lakini barua iandikwe.

Jambo la tatu ndilo linaloleta ugomvi nyumbani. Mtunzi ni nani? Mama mmoja alituuliza kwa uchungu, "Sasa hii wimbo ni ya nani? Mwalimu alikuja na maneno, sisi tukaweka sauti, na yule aliyeanzisha alishakufa." Ni swali la haki kabisa. Kama mwalimu wa kwaya alileta maneno na tuni, mtunzi ni yeye, na kwaya ni waimbaji. Waimbaji nao wana haki zao juu ya uimbaji wao, lakini hawawezi kurekodi upya bila ruhusa ya mwalimu. Kama wawili au watatu walibuni pamoja, wote ni watunzi. Kama mmoja wao amefariki, sehemu yake iko kwa warithi wake, na hao lazima waulizwe. Vikundi vingi huruka hatua hii kwa sababu wote ni majirani na ni aibu kuzungumza karatasi na mjane. Sisi tunaona aibu kubwa zaidi ni mjane kusikia sauti za wengine redioni zikiimba maneno ya mumewe, na hakuna aliyebisha hodi kwake.

Nyimbo za jadi ni habari nyingine. "Sioyaye" inayoimbwa na Wabukusu wakati wa tohara, mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, haina mtunzi tunayemjua. Ni ya jamii yote, na tangu mwaka 2016 kuna sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi. Mkiiimba na kuirekodi, rekodi yenu ni yenu. Wimbo haujawa wenu, na kikundi kingine kikiuimba kesho hakijawaibia.

Na kuna wanaotuambia, "Lakini sisi tunayo kaseti, tutaipeleka saiba waiweke kwenye flashi, tuuze." Hapana, rafiki zetu. Kuhamisha rekodi ya zamani kutoka kaseti kwenda flashi si kurekodi upya. Ni kunakili mahindi ya mwenye gunia. Iwekeni kwenye flashi ili isipotee na ili mjikumbushe maneno, lakini msiiuze.

SAUTI IMEZEEKA, LITUNGU HALIJAZEEKA

Tuseme karatasi zote ziko sawa. Bado swali la mwisho ni kama wimbo wenyewe utakuwa mzuri. Les Mangelepa, wanamuziki wenye asili ya Kongo walioanzisha bendi yao Nairobi mwaka 1976 baada ya kumwacha Baba Gaston, walirudia baadhi ya nyimbo zao za kale katika albamu ya "Last Band Standing" iliyotoka mwaka 2018. Miaka arobaini ilikuwa imepita. Wakati huo mrefu sauti hushuka, pumzi hufupika, na wengine wa safari ya kwanza hawapo tena.

Hili litawakuta na nyinyi. Msijilazimishe kuimba mahali palepale mlipoimba mkiwa na miaka 25. Shusheni wimbo kidogo, uwafuate. Kama kiongozi wa wimbo amefariki, msimpe kijana kazi ya kumwigiza marehemu. Mpeni aimbe kwa sauti yake. Wako wanaotaka rekodi mpya ifanane na ya zamani kabisa, na ni kweli kwamba msikilizaji akiukosa ule mlio alioupenda anaweza kurudi kwenye kaseti ya zamani. Mwanzo wa wimbo, kiitikio na mwendo wake vibaki. Mengine yawe ya leo.

Hapa tutasema jambo ambalo vijana wa studio hawatalipenda. Wengi wao huanza na biti ya kompyuta na kinanda, halafu ndipo waite litungu. Litungu halijafungwa nyuzi zake kufuata kinanda, basi vitu viwili hivyo vinagombana, na kijana anamwambia mzee kwamba ala yake ndiyo mbovu. Mzee anakaza nyuzi mpaka moja inakatika. Litungu lirekodiwe kwanza, pamoja na sauti, wote chumba kimoja kama zamani. Kama ni lazima kinanda kiingie, kilifuate litungu. Studio ikikataa, Bungoma na Kitale zina studio zaidi ya moja.

Kuna pia nyimbo ambazo kwa maoni yetu zisiguswe. Kama uzuri wote wa wimbo ulikuwa sauti ya mtu mmoja ambaye ameshalazwa kaburini, pesa za kikundi zitumike kwa nyimbo nyingine.

PESA NA KARATASI

Sasa mkumbuke tulichosema juu ya aliyefanya mipango. Studio ilipwe na kikundi, kutoka akaunti au M-Pesa ya kikundi, na risiti iandikwe jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Msikubali risiti ya jina la mwenyekiti, hata kama ni mtu wa kuaminika. Siku hiyo hiyo muwe na karatasi moja ya ukurasa mmoja, isemayo kwamba kikundi ndicho kilichopanga na kulipia rekodi, kwamba kanda mama ni ya kikundi, na kwamba fundi wa studio na wapigaji wa kukodishwa wamelipwa na hawadai umiliki. Watie sahihi kabla ya kuanza, si baada. Kijana aliyepiga gitaa nusu saa kwa shilingi mia tano anaweza kuwa mtu mwingine kabisa wimbo ukishapata jina. Mkitoka studio mtoke na mafaili yote, si ule wimbo uliomalizika peke yake, na muyaweke mahali pawili tofauti.

Pesa zenyewe zitatoka wapi? Tuseme ukweli, si nyingi. Tuseme studio inataka shilingi 5,000 kwa wimbo na mna nyimbo 6, hiyo ni 30,000 kabla ya nauli na chakula. Kaseti hazinunuliwi tena, kwa hiyo hakuna siku mtauza nakala 200 sokoni mrudishe gharama mara moja. Zitakuja kidogo kidogo: kualikwa kwenye harusi na matanga, wimbo wa kuitikia simu, mtandao, na malipo ya redio. Kwa nyimbo za simu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanasema mwenye haki asipate chini ya asilimia 52 ya mapato. Mtu akija kuwaandikisha kwa fungu dogo kuliko hilo, mwonyesheni mlango.

Malipo ya redio na mahali pa hadhara hukusanywa na vyama vya haki: vya watunzi, vya waimbaji na wapigaji, na vya wenye rekodi. Rekodi mpya inaweza kuwaweka kwenye makundi yote matatu, na rekodi ya zamani ikichezwa, mtunzi bado ana fungu lake. Chama cha watunzi ambacho wengi wenu mnakijua, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983. Lakini leseni za vyama hivi zimekuwa na mvutano na kesi kwa miaka, chama kikipewa na kingine kunyimwa. Kabla ya kulipa ada ya uanachama, ulizeni Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni chama kipi kina leseni mwaka huo. Hapo hapo KECOBO mnaweza kusajili utunzi wenu kwa njia ya mtandao. Hakimiliki huanza bila usajili, lakini cheti husaidia sana siku mtu anapobisha.

Kwenye jina la wimbo mpya ongezeni mwaka au neno "Upya", kama alivyofanya yule wa Marekani, ili kijana wa redio asizichanganye. Mpelekeeni wimbo wenyewe, mwambieni kwa upole kwamba huu ndio wa kikundi. Watangazaji wa lugha za nyumbani wanafurahia sana wakipata rekodi safi badala ya kaseti inayovuma.

Mgao muuandike kwenye kitabu cha kikundi kabla hata shilingi moja haijaingia: mtunzi ngapi, waimbaji ngapi, mfuko wa kikundi ngapi, warithi wa waliofariki ngapi. Tumeona vikundi vikikubaliana kwa saa moja wakati mfuko ni mtupu, na vingine vikishindwa kwa mwaka mzima baada ya elfu nne kuingia.

Vikundi ambavyo vina kaseti na havina tena redio ya kuchezea, ofisini kwetu bado iko moja inayofanya kazi. Njooni nayo siku ya soko kabla ya saa sita, mje na katibu na makaratasi yoyote mliyo nayo ya wakati ule. Kaseti zikae kavu, mbali na jua, wala zisirudishwe nyuma kwa kalamu, maana kanda ya miaka thelathini hukatika upesi.